Naomba ushauri: kijana wangu wa miaka 15 anasafiri peke yake kwenda Muscat, na anabadilisha ndege Doha

Mama Nassir
Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu. Kijana wangu wa pili amealikwa na shangazi yake anayeishi Muscat akakae naye likizo yote ya Desemba. Viza na tiketi vimekwisha kupatikana. Hajawahi kupanda ndege, na safari yenyewe si ya moja kwa moja, kwani anatoka Dar es Salaam, anashuka Doha, ndipo apande nyingine ya Muscat. Baba yake anaona kijana amekua na aachwe ajisimamie. Mimi natamani tulipie ile huduma ya mtoto kusindikizwa na wahudumu wa shirika la ndege, lakini mwenyewe ameikataa katakata. Kinachoninyima usingizi ni zile saa nne za kusubiri Doha. Je, nishikilie asindikizwe, na kama nikimwacha, nimwandae vipi?

Mwinyi wa Tanga
Waalaykum salaam, dada yangu. Mashirika mengi huilazimisha huduma hiyo kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na mengine huenda hadi 14. Kwa umri wa mwanao huwa ni hiari, tena huombwa mapema na si siku ya safari. Ulizeni ofisi ya shirika lenu kwanza, kwa kuwa kila moja lina utaratibu wake. Kijana anayesoma Kiingereza cha vibao bila taabu, mimi ningemwacha. Ila msikose barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili kwa Kiingereza, yenye mhuri wa wakili, jina na simu ya shangazi, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya vitambulisho vyenu. Afisa uhamiaji ana haki ya kuuliza mtoto huyu anakwenda kwa nani. Karatasi hizo zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini.

Dada wa Ukonga
Mama Nassir, isomeni saa ya tiketi mkiwa wote watatu. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ikiandikwa 01:30 tarehe 14, maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo nyumbani mnatoka tarehe 13 jioni. Wako watu wazima waliofika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka kwa sababu ya jambo hili. Doha saa ni sawa na yetu, lakini Muscat iko mbele kwa saa moja, na shangazi aliye kule atahesabu kwa saa ya kwake.

Mama Nassir
Ahsanteni sana. Je, pale uwanjani nitaruhusiwa kufika naye hadi wapi?

Baba Warda
Wasindikizaji huishia kabla ya ukaguzi, kwa hiyo anza kumwachia kazi mkiwa bado pamoja. Pasipoti aishike yeye tangu mlangoni kwenu, na dereva akiuliza jengo gani, ajibu yeye kwamba ni Jengo la Tatu. Mwanangu wa kike nilimwacha afanye hivyo, nami nikajizuia kumsemea, ingawa moyo ulikuwa unanidunda. Mfundishe kuitazama stika inayofungwa kwenye begi lake pale kaunta. Ikiwa na herufi MCT, mzigo utafika Muscat wenyewe, na Doha hana haja ya kuufuata. Akishuka Doha afuate vibao vya abiria wanaounganisha ndege, asifuate vya kutokea nje. Atakaguliwa tena hapo, hivyo chupa ya maji aimalize kabla. Kisha atafute skrini na kusoma namba ya ndege yake na geti, na arudi kuitazama kila baada ya muda kwa sababu geti hubadilika. Katikati ya uwanja ule yuko dubu mkubwa wa manjano mwenye taa kichwani, mwenye urefu wa mita 7 hivi. Akipotea, amwulize mhudumu njia ya kwenda hapo, kisha aanze upya. Intaneti ya bure ipo, kwa hiyo ataweza kukuandikia.

Bi Mwanaisha
Mimi nina moja, nalo ni zito. Asipokee mzigo wa mtu yeyote, awe jirani anayemtumia nduguye kifurushi au mama mtu mzima anayeomba ashikiwe mkoba kwenye foleni. Dawa za maumivu zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba, na mwenye begi ndiye anayeulizwa. Mfungishe begi lake kwa mikono yake mwenyewe, ajue kila kilichomo. Pawabenki aiweke kwenye begi la mkononi, maana kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Mama Nassir
Nimewasomea wote wawili, baba na mtoto. Tumekubaliana aende bila kusindikizwa, na barua tunaipeleka kwa wakili wiki hii. Limebaki moja: ndege ya kwanza ikichelewa na ile ya pili ikamwacha?

Baba Warda
Ikiwa safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, ni wajibu wa shirika kumpatia ndege nyingine. Aende moja kwa moja kwenye kaunta ya abiria wanaounganisha, aonyeshe pasi yake na aseme umri wake bila kuona haya, kisha awapigie ninyi na shangazi. Nawe usiondoke uwanjani mpaka akuandikie kwamba ameketi getini.