Mjadala: Tamko la forodha, tuitupe EDIFACT tubaki na XML?

Hoja iliyoletwa: Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, mzigo wa Uganda unaoshuka Mombasa hutamkwa Kampala, na taarifa huvuka kutoka ASYCUDA, mfumo wa forodha wa Uganda, kwenda mfumo wa Kenya. Kampuni nyingi za meli bado zinaleta manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, kwa EDIFACT, muundo wa zamani wa ujumbe wa kompyuta kwa kompyuta. Je, kanda nzima ihamie XML, muundo mpya zaidi unaoandika data ndani ya lebo?

Msanifu wa mifumo: Ihamie, tena mapema. Tazama mstari huu wa maelezo ya bidhaa:

FTX+AAA+++NGOZI ZA NG'OMBE'

Kwenye EDIFACT, ritifaa (') ndiyo hufunga segmenti, yaani kipande kimoja cha ujumbe. Mfumo unasoma "NGOZI ZA NG", unafunga, kisha OMBE unaiona ni segmenti mpya isiyojulikana. Hesabu ya segmenti kwenye UNT, segmenti ya mwisho, haitimii, CONTRL (jibu la ukaguzi wa sintaksia) inarudi na ujumbe wote umekataliwa. Hilo angalau linapiga kelele. Koma ndiyo hatari, maana EDIFACT huisoma kama alama ya desimali: uzito ulioandikwa 24,500 unaweza kusomwa kilo 24 na nusu, na ujumbe ukapita.

Wakala wa forodha: Mkuu, hapo unamlaumu farasi kwa kosa la mpandaji. Dawa imo kwenye ISO 9735, kiwango cha sintaksia ya EDIFACT, tangu 1988: tanguliza alama ya kuuliza, NG?'OMBE, basi. XML nayo ina mtego wake. Jina la kampuni lenye "&" lisipoandikwa & faili zima linagoma.

Msanifu wa mifumo: La "&" nakubali. Koma siachii: skima ya XML (kanuni za muundo wa data) ikitaka desimali, 24,500 inakataliwa pale pale, kabla ofisa hajaiona.

Mhakiki wa manifesti: Mnagombea bahasha. Mchele, mifuko 1,000 ya kilo 25. Manifesti inasema PX 20, yaani paleti. Tamko linasema BG 1,000, yaani mifuko. Misimbo yote miwili ni halali, uzito ni uleule wa KGM 25000 (kilo 25,000), lakini idadi ya vifungashio haikutani, hivyo mzigo haufutiki kwenye manifesti na kontena linakula gharama za bandari. XML itasaidia nini hapo? Hesabu vifungashio vya nje kama manifesti ilivyovihesabu, mifuko itaje kwenye maelezo. Manifesti ikiwa ndiyo yenye kosa, irekebishwe kabla tamko halijaingia. Halafu modeli ya data ya Shirika la Forodha Duniani inabeba zote mbili, EDIFACT kupitia ujumbe wake uitwao GOVCBR, na XML.

Wakala wa forodha: Na wakala mdogo anayejaza skrini kwa mkono? Kwake hakuna EDIFACT wala XML. Anachohitaji ni skrini inayovuta idadi na aina ya kifungashio moja kwa moja kutoka kwenye manifesti, asichape upya.

Msanifu wa mifumo: Kuvuta kunawezekana. Ila ukivuta PX 20, mifuko 1,000 inayohitajika kwa ukaguzi utaiweka uga (sehemu ya kujaza) gani?