Nguo za shule zilikuwa tayari kwenye kamba, sasa nimwambie nini mtoto wa P.2?

Mama Shadia, Busia (upande wa Uganda), 11 Julai 2021

Ndugu zangu hamjambo, poleni na lokidauni hii ya corona. Naomba anijibu mtu mwenye mtoto mdogo nyumbani, maana hapa mtaani nikiuliza wananiambia tu vumilia mama, na mimi kuvumilia nimeshavumilia mwaka na zaidi.

Binti yangu Shadia yuko P.2, darasa la pili la praimari. Nasema yuko P.2 lakini hiyo P.2 aliisoma wiki chache tu, Februari na Machi mwaka jana, alafu tarehe 20 Machi 2020 shule zikafungwa. Kandidati, wale wa mitihani ya mwisho, wakarudi Oktoba, P.6 wakarudi Machi mwaka huu, P.4 na P.5 wakarudi Aprili, na yeye anasimama mlangoni anawaona wenzake wakipita na mabegi ananiuliza mama na sisi lini, namwambia tarehe 7 Juni. Akachukua kalenda ya ukutani akawa anaweka alama kila siku na kalamu nyekundu. Jumapili tarehe 6 tukafua nguo za shule tukaanika, sketi nikashusha upindo maana amerefuka, viatu nikanunua vingine kwa sababu vile vya mwaka jana vidole havingii tena. Usiku huohuo Mzee, Rais Museveni, akahutubia akasema shule zinafungwa tena. Mtoto alikuwa ameshalala, sikumwamsha. Asubuhi akaamka mwenyewe kabla hakujapambazuka akavaa kila kitu mpaka soksi, akakaa kitandani akinisubiri.

Mpaka leo sijui nilimwambia nini siku ile.

Tuliambiwa siku 42 za kufunga shule, hazijafika mbali tarehe 18 Juni zikaja siku 42 nyingine za kufunga karibu kila kitu, magari hakuna, kafyu saa moja jioni. Mimi nauza mitumba na sokoni saa hii wanaoruhusiwa ni wa chakula tu, kwa hiyo nimeanza kukaanga mandazi hapa nyumbani na Shadia ndio anazungusha na beseni. Ile laki moja ya msaada wa serikali inayotumwa kwenye simu jina langu halikuwemo. Na hapo ndio penye uchungu, mtoto ameanza kupenda hela. Juzi nimempa kitabu chake cha zamani asome ukurasa aliokuwa anausoma vizuri kabisa mwaka jana, akashindwa mstari wa pili, akakifunga akaniambia mama shule ya nini na mimi nauza.

Sasa kuna mwalimu mmoja hapa nyuma anakusanya watoto kumi hivi sebuleni kwake, shilingi 1,000 kwa siku, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Nimpeleke au nimwache? Nyinyi mnafanyaje?

Mwalimu wa Tororo

Mama Shadia pole sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya praivet, P.3. Wenzetu wa serikali mshahara unaingia hata shule ikifungwa lakini sisi karo ndio mshahara, karo hakuna na sisi hakuna, tangu Machi mwaka jana. Nimefyatua matofali, nimeuza mkaa. Darasa langu saa hii lina kuku, mwenye shule amefuga ili alipe mkopo wa benki, na simlaumu. Nilipita wiki jana nikakuta ubao bado una tarehe niliyoandika mwenyewe, nikashindwa kuingia.

Kwa hiyo huyo mwalimu wa sebuleni namwelewa, ana watoto wa kulisha. Lakini watoto kumi chumba kimoja na pazia limeshushwa mwezi huu, mimi wa kwangu nisingempeleka.

Fanya hivi. Hayo mandazi ndio darasa. Mnunulie daftari la mia tano awe anaandika madeni, nani amechukua mangapi, amelipa ngapi, amebakiza ngapi. Usimwambie ni masomo, mwambie ni kazi ya duka. Jioni mkae mpige hesabu pamoja, akikosea chenji usimkaripie, mpe sarafu azihesabu upya kwa mkono. Na kusoma iwe dakika ishirini tu kila siku saa ileile, kitabu cha P.1 si cha P.2, mrudishe nyuma pale anapoweza ili asijione mjinga. Mtoto wa umri huo herufi hazijapotea, zimelala. Nimewaona kandidati waliorudi Oktoba, wiki ya kwanza walikuwa hata kalamu wanashika kama jembe, wiki ya nne mkono umekumbuka.

Boda Arua

Mwalimu unasema vizuri lakini mimi nitasema vile naona. Soko limejaa watu wamebanana, hapo ugonjwa haupo? Kwenye foleni ya maji pia haupo? Ni kwa mtoto wa shule tu ndio upo? Mimi nina wanne nyumbani, boda yangu inaruhusiwa mzigo peke yake mpaka saa kumi na moja jioni, abiria hapana, alafu petroli iko bei ileile na mwenye pikipiki anataka hela yake ya wiki ileile. Wiki iliyopita nilikuwa na gunia la mihogo limenichelewesha kidogo, dakika kumi, askari wa doria wakanitoa funguo wakanipiga fimbo za miguu, pikipiki ililala kwao siku tatu na kuitoa nikalipa hela bila risiti. Niliporudi nyumbani mtoto wangu wa P.1 aliniuliza baba ulifanya makosa gani na sikuwa na jibu.

Redio wanasema masomo ya redio. Betri nani ananunua? Bando tangu tarehe 1 mwezi huu wameongeza kodi asilimia 12, hata hapa naandika mbiombio. Mama mimi nasema mpeleke. Elfu moja kama unayo mpeleke, akikaa mwaka mwingine hivi atakuwa mtu wa beseni maisha yake yote.

Nesi Jinja

Kaka wa Arua, pole kwa ulivyopigwa, hiyo haikuwa haki na nakuambia kutoka moyoni. Lakini kwa hilo la kumpeleka sikubaliani na wewe.

Natoka zamu ya usiku sasa hivi. Nimetembea kilomita tisa kwa miguu maana gari la kazini lina nafasi chache na mimi si wa kwanza kwenye orodha. Mwezi Juni sitausahau. Mwaka jana wengi tulikuwa tunasikia corona kwenye redio, mwaka huu imeingia wodini, mitungi ya oksijeni tunahesabu kama vile Shadia anahesabu mandazi, na ndugu za wagonjwa wanasimama nje ya geti kwa sababu hawaruhusiwi kuingia, wanatupigia simu kila saa na sisi mikono ina glavu hatuwezi kupokea. Nimempoteza mwenzangu wa zamu, tulikuwa tunakunywa chai kikombe cha zamu kwa zamu. Chanjo tulianza Machi, kufika Juni ikawa imeisha na watu wamechoma dozi moja.

Watoto wenyewe mara nyingi wanapona, hilo ni kweli. Lakini yule mtoto anarudi jioni kwa nani? Mama Shadia unaishi na nani kwenye hicho chumba?

Mama Shadia

Na mama yangu. Ana miaka sabini na mbili na ana sukari.

Nesi Jinja

Basi dada yangu jibu unalo. Na mandazi pia, akizungusha awe na maski na asiingie ndani ya nyumba za watu, auzie mlangoni, akirudi mikono kwa sabuni kabla hajamkumbatia bibi yake.

Baba wa Tiira

Nimesoma yote nimenyamaza, lakini pale mtoto aliposema shule ya nini nimeshindwa.

Mimi wangu ni mvulana, alikuwa P.6 mwaka jana. Tunakaa karibu na mashimo ya dhahabu. Shule zilipofungwa mara ya kwanza akaanza kwenda na wenzake kuosha mchanga, siku ya kwanza akaleta shilingi 3,000 akampa mama yake anunue posho, unga wa ugali, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimsifia mbele ya wadogo zake. Baadae akawa analeta tano, alafu akawa haleti anajinunulia simu, alafu akawa halali nyumbani. Machi P.6 waliporudi nikamlipia kila kitu, alienda siku mbili. Mwalimu wake alinipigia simu mara tatu. Sasa ana miaka kumi na nne anashuka shimoni na kamba na mimi usiku kila nikisikia kelele upande ule naamka.

Sikuambii usimtume mandazi, njaa najua ilivyo. Nakuambia hela asishike yeye. Arudishe kwako yote, na ukimsifia msifie kwa daftari lile la mwalimu si kwa hela aliyoleta. Mimi nilisifia hela.

Mama Shadia, 19 Julai

Nimerudi, nashukuru sana nyote, Baba wa Tiira maneno yako nilimsomea mama yangu akalia.

Sebuleni kwa yule mwalimu sijampeleka. Lakini nilienda kwake nikamweleza, tukakubaliana anakuja yeye kwangu Jumanne na Ijumaa, tunakaa nje chini ya mwembe, Shadia na watoto wawili wa jirani basi, namlipa nusu hela nusu mandazi. Kaka wa Arua na wewe nimekusikia, nisingefanya hata hivyo bila maneno yako.

Daftari la madeni tumeanza. Siku ya kwanza aliandika namba tu, majina akayachora picha, mama mwenye kilemba, mzee mwenye fimbo. Siku ya tatu akaanza kuandika majina. Jana jioni nimeangalia nimekuta ameandika mwenyewe bila kuambiwa, MAMA AISHA DEIN 500. Hilo "deni" amelipindua herufi. Mwalimu, nimsahihishe au nimwache kwanza?

Mwalimu wa Tororo

Mwache. Akienda kudai, mama Aisha atasoma na wewe hutakuwepo, neno litajinyoosha lenyewe. Daftari likijaa nipigie simu nitakuambia kitabu gani kinafuata, na kama hukipati huko Busia ninacho changu cha darasani, nitatafuta dereva wa lori wa mizigo anayekuja upande huo akuletee.

Mama Shadia

Asante mwalimu. Nguo za shule bado ziko kwenye msumari, ameniambia nisizikunje.