"Sisi Kamati" kwa Kiingereza: kitenzi kimfuate nani?

Katibu wa Maji: Ndugu zangu, nisaidieni kumaliza ubishi uliochelewesha barua juma zima. Kamati yetu ya maji imepokea mabomba kutoka kwa marafiki walioko Uingereza, nami nikaandika shukrani nikianza hivi: "We the Water Committee have received the pipes." Mwenyekiti, ambaye hatii saini kitu asichokisoma mara tatu, amekata "have" kwa wino mwekundu akaweka "has", kwa hoja kwamba kamati ni moja na hata mtoto wa darasa la tano analiona hilo. Mjumbe mwingine amefuta "the" kabisa, akisema kwamba katika "sisi kamati" hakuna neno katikati. Nani yuko sahihi?

Mwalimu Mstaafu: Mwenyekiti amekosea, na mjumbe amekosea zaidi. Mwenye sentensi hapo ni "we". Kamati imeletwa ili kueleza tu kwamba hao "we" ni akina nani, na kitenzi humfuata mwenye nyumba, hakimfuati mgeni wake. Jopo la raia linapotoa uamuzi katika mahakama za Marekani, msemaji wake husoma "We the jury find", hasomi "finds", ingawa jopo ni moja. Ninyi wafasiri wa siku hizi mngefundishwa uchanganuzi wa sentensi kama tulivyofundishwa sisi, maswali ya namna hii yasingekuwapo.

Mfasiri wa Mwembeni: Shikamoo Mwalimu. Jibu lako kuhusu kitenzi sina la kulipinga, lakini aliyeuliza ni katibu wa kamati ya maji, si mfasiri. Hao "ninyi wafasiri" wametokea wapi? Kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa, na sijawahi kuandika "We the committee has" hata usiku wa manane umeme ukiwa umekatika. Mtu akitanguliza "ninyi" mbele ya jina la watu, huwa amekwisha kuwapanga mstari na kuwachapa wote kwa fimbo moja.

Mkazi wa Leicester: Mfasiri ana haki ya kukasirika, na Waingereza wenyewe wanalijua jambo hili. "You people" si matusi ukiangalia neno mojamoja, lakini ukiyaunganisha mtu anakukunjia uso. Nakumbuka mgombea mmoja wa urais kule Marekani, nadhani ilikuwa miaka ya themanini, aliiharibu hotuba yake mbele ya watu weusi kwa maneno hayo hayo. Huku kazini kwetu msimamizi hutuambia "You lot are late" kila asubuhi, na hakuna anayenuna. Tazameni pia kwamba "lot" ina umbo la umoja, haina "the" wala chochote, na bado kitenzi ni "are".

Wakili Asiye na Ofisi: Alikuwa Ross Perot, mwaka ni 1992, na aliokuwa akiwahutubia ni NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Tuyaache hayo, kwa maana tunamsahau mwenye mabomba.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, Mfasiri. Kwa Kiswahili "ninyi walimu" au "ninyi wafasiri" ni namna ya kutaja kundi tu, wala sikumtukana mtu. Kama nomino inayofuata kiwakilishi ingekuwa na uzito mnaoupa, Jefferson alipoandika "We the People" mwanzoni mwa katiba ya Marekani angelazimika kujieleza.

Wakili Asiye na Ofisi: Mwalimu, mwaka 1787 Jefferson alikuwa Ufaransa akiiwakilisha nchi yake, na kalamu iliyosafisha maneno hayo ilikuwa ya Gouverneur Morris, mmoja wa wajumbe walioiandaa katiba hiyo. Na kujieleza kulihitajika sana. Rasimu ya Agosti mwaka huo ilisema "We the people of the States of", kisha ikataja majimbo moja baada ya jingine. Morris na wenzake wakaifupisha, kwa kuwa haikujulikana ni majimbo gani yangeridhia. Mwaka 1788, katika mkutano wa jimbo la Virginia wa kuamua kama liiridhie katiba hiyo, mpinzani wake Patrick Henry aliuliza kwa haki gani wameandika "We, the people" badala ya "We, the States". Kiwakilishi kilibaki kile kile, na ugomvi wote ulikuwa juu ya huyo unayemwita mgeni. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha uhaini, inaitaja United States kwa "them" na "their", na marekebisho ya mwaka 1865 yaliyofuta utumwa bado yanasema "their jurisdiction". Nchi moja ilichukua kiwakilishi cha wingi, na hakuna mwenyekiti aliyeleta wino mwekundu.

Mwalimu Mstaafu: Kuhusu Jefferson nimekubali, uzee una mambo yake. Kuhusu mgeni sikubali. Henry aligombana na siasa ya neno, hakugombana na upatanisho wa kitenzi.

Bi. Kipanga: Mnapigania paa na msingi haujaguswa. Swali la yule mjumbe aliyefuta "the" ndilo lenye kiini, na mmelipita kwa kumwambia amekosea zaidi. Mwingereza husema "we teachers" bila "the", kwa sababu nomino ikiwa ya wingi kiwakilishi hukikalia kiti cha kibainishi, yaani neno kama "the" linalotangulia nomino, naye hana haja ya kuweka wawili kiti kimoja. Mwaka 1966 mwanaisimu Paul Postal alifika mbali zaidi akadai kwamba viwakilishi hivi ni vibainishi hasa. Nomino ya jamii yenye umbo la umoja haikubali mpango huo. Husikii "we jury" wala "we committee". Ni lazima "the" irudi, na kamati ikae pembeni kama maelezo. "You lot" ya ndugu yetu wa Leicester ni mtukutu anayeishi nje ya sheria hiyo. Sisi hatuna "the" katika lugha yetu, kwa hiyo "sisi walimu" na "sisi kamati" hutufikia masikioni zikiwa sawa, na mjumbe amezifuata moja kwa moja.

Kisha mtazameni mwenyekiti. Kwa Kiswahili angesema "Kamati imepokea", na hapo yuko sawa. Lakini akitanguliza "sisi", hata yeye hatasema "Sisi Kamati imepokea". Ulimi wenyewe utamvuta kwenye "tumepokea", kama utangulizi wa katiba yetu ya Tanzania unavyosema "sisi Wananchi" halafu "tumeamua". Tena sisi tunaweza kukiacha kiwakilishi nyumbani tukasema "Wanawake tunaweza", na nafsi ikajulikana kwenye kitenzi. Mwingereza hawezi, kwa kuwa kitenzi chake hakibebi mtu.

Mkazi wa Leicester: Niongeze kwamba wapokeaji ni Waingereza, nao husema "the committee have" bila wasiwasi, ingawa Mmarekani angependelea "has". Mwenyekiti ameshindwa hata "we" ikiondolewa.

Katibu wa Maji: Nimemsomea mwenyekiti yote haya chini ya mwembe. Amekubali "have" na "the" imerudi, lakini kwa furaha ya kuelewa ameongeza sentensi yake mwenyewe: "Each of us have drunk the water."

Mwalimu Mstaafu: Mwambie ama aandike "Each of us has", ama ageuze aseme "We each have". "Each" ikitangulia ndiyo mwenye nyumba na huhesabu mmoja mmoja. Ikikaa nyuma ya "we" imekuwa mpangaji.

Mfasiri wa Mwembeni: Maelezo mazuri, Mwalimu. Ila bado sijasikia lolote kuhusu "ninyi wafasiri".

Mwalimu Mstaafu: Sisi walimu hatuombi radhi kwa wingi. Wewe peke yako, nisamehe.