MREJESHO: Kigoma iliyopinduka kwenye Luanti

Niliuliza kwa nini Kigoma waliyoijenga wanafunzi kwenye Luanti (mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa boksi, kama Minecraft) imeiweka Ujiji kaskazini mwa stesheni ya reli. Mliosema ni alama (+ au -) ya z, namba ya kaskazini-kusini, mmepatia. Vipimo vilifuata kanuni ya Minecraft, ambako ukielekea kaskazini z hupungua. Kwenye Luanti huongezeka. Tumezidisha kila z kwa -1, Ujiji ikarudi kusini. Ukibonyeza F5 ndani ya mchezo unaona namba za mahali ulipo zikibadilika kila hatua.

Mwinuko: ziwa liko takriban mita 770 juu ya bahari, maji ya Luanti yako y=1 (y ni namba ya kimo), basi toa 769 kwenye kila mwinuko.

Kipimo cha boksi 1 kwa mita 5 kimegoma. Nyumba ya mita 3 haifiki hata boksi moja, mlango utauweka wapi? Tumerudi mita 1 kwa boksi, tukajenga mita 300 tu za Barabara ya Lumumba, kuanzia stesheni kupanda.