Skani ya kichwa ni safi. Je, flanka wetu acheze Jumamosi?

MwalimuWaMichezo
Naomba ushauri wa wenye ujuzi. Flanka wetu wa raga (mmoja wa washambuliaji wa mbele wanaokaba sana), miaka 17, Kidato cha Nne, alikuwa akikaba Jumamosi iliyopita kichwa kikagonga goti la mpinzani. Hakuzimia. Aliinuka akiyumba, akaelekea upande usio wake, tukamtoa. Hospitali moja hapa Nairobi ilimpiga skani ya CT: hakuna damu, hakuna mfupa uliopasuka. Leo ni Jumanne. Kichwa bado kinamuuma mchana, mwanga wa darasani unamkera, na ukurasa mmoja anaurudia mara tatu ndipo uingie. Mwenyewe anasema yuko fiti, mzazi anasema skani imemaliza maneno, na nusu fainali ni Jumamosi hii. Anaweza kucheza? Kama hawezi, nimrudishe vipi? Anakaa bweni.

DaktariZamuYaUsiku
Mwalimu, Jumamosi hachezi. Dalili ulizotaja ni za mtikisiko wa ubongo (concussion), na peke yake zinatosha kulifunga hilo, hata kama ingekuwa fainali.

Mweleze mzazi hivi. Skani ya CT inatafuta damu iliyovuja, uvimbe mkubwa na fuvu lililopasuka. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo kwa sababu umbo la ubongo halijaharibika, ni utendaji wake uliovurugika. Seli zimevutwa ghafla, potasiamu na kalsiamu zimevuka mahali zisipotakiwa, na seli zinahitaji nishati nyingi kuzirudisha wakati ambapo damu inayozifikia imepungua. Kwa hiyo skani safi inasema tu kwamba kijana hahitaji kupasuliwa. Kuhusu kucheza haisemi lolote. Wala kutozimia si kinga: wanaozimia ni chini ya mmoja kati ya kumi.

Akipigwa tena kabla hajapona, dalili hurefuka kwa wiki au miezi. Mara chache ubongo huvimba kwa kasi, na hilo huwakumba hasa vijana wa umri wake, na huua. Hata bila pigo la kichwa, mwili wake unachelewa kuitikia, ndiyo maana wanaorudi mapema huumia magoti na vifundo.

Mpelekeni hospitali saa yoyote, hata usiku wa manane, mkiona haya: kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito asioamka vizuri, degedege, kuona vitu viwili viwili, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, shingo kuuma, au kuchanganyikiwa kunakoongezeka. Na nawasihi walimu wa bweni: kijana aliyegongwa kichwa akianza kutapika, msimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Kichwa kiangaliwe kwanza, malaria ipimwe.

Kuhusu maumivu, mpe parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 au zaidi, visizidi 8 kwa siku. Siku 2 za kwanza aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Asipewe chochote kabla ya mazoezi, maana dawa itaficha dalili mnazozitafuta.

FizioNgongRoad
Nikamilishe sehemu ya mazoezi. Utaratibu unaofuatwa sasa ni wa kikao cha wataalamu cha Amsterdam cha 2022, kilichochapishwa 2023. Ushauri wa zamani wa kumfungia mtu chumba cha giza wiki nzima umeachwa. Saa 24 hadi 48 za kwanza ni mapumziko ya kadiri: kutembea kidogo ruksa, skrini zipungue sana. Wako ameshapita hapo, kwa hiyo leo aanze hatua ya kwanza: kutembea kawaida na shughuli ndogo za kila siku.

Hatua ya pili ni mazoezi ya moyo, kutembea kwa kasi au baiskeli isiyosogea. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220, yaani 203 kwake. Mwanzoni asizidi asilimia 55, ambayo ni 112 kwa dakika, kisha asilimia 70, yaani 142. Huna saa ya kupima? Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15: 28 ndiyo mwisho wa kwanza, 35 wa pili. Dalili zikipanda kidogo zikashuka ndani ya saa moja si neno. Zikipanda zaidi ya alama 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, asimamishwe ajaribu kesho.

Ya tatu ni kukimbia na kubadili mwelekeo akiwa peke yake, mbali na wenzake. Hapo ndipo pana mlango. Hatua ya nne (pasi na mbinu na wenzake bila kugusana), ya tano (kukaba na kugongana) na ya sita (mechi) hazifunguliwi mpaka dalili ziishe kabisa, hata baada ya jasho, daktari aandike ruhusa, na awe amerudi darasani kikamilifu. Kila hatua ni saa 24 au zaidi. Dalili zikirudi kwenye hizo tatu za mwisho, anashuka hadi ya tatu.

KochaWaEastlands
Kwa hesabu hiyo si anaweza kumaliza ndani ya wiki moja? Na akivaa kofia ya skramu, ile laini ya raga, je?

FizioNgongRoad
Kocha, saa 24 ni kima cha chini kwa kila hatua, na kwa shule nisingekitumia. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unataka siku 21 kabla ya mashindano, na siku 14 bila dalili yoyote akiwa ametulia kabla ya mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa. Hesabu Jumamosi iliyopita kuwa siku ya 0. Hata dalili zikiisha Ijumaa hii, siku ya 6, kugongana kunaanza siku ya 20. Mtu asiyekaba wiki tatu anahitaji wiki nyingine ya kukaba mazoezini, kwa hiyo mimi ningemwandika kwa wiki ya nne.

Kofia ya skramu huzuia michubuko ya masikio na ngozi. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, kofia haiushiki.

MuuguziWaShule
Darasa mmelipitia haraka, na huyu ni mtahiniwa wa KCSE. Kusoma kuanze kwa vipande vya dakika 5 hadi 15, apumzike, aendelee mradi dalili hazipandi sana. Akivumilia, aende nusu siku, kisha siku nzima. Kwa sasa asifanye CAT (majaribio ya darasani), na prepu za usiku asihudhurie. Aketi mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Walimu wa masomo yote wapewe karatasi moja inayosema hivyo, maana mmoja asiyejua atamwita mvivu mbele ya wenzake.

Bwenini alale kitanda cha chini, kizunguzungu kisimwangushe. Kumwamsha kila saa hakuna haja, usingizi ni sehemu ya kupona. Kizunguzungu, shingo au kichwa vikiendelea kusumbua zaidi ya siku 10, aonwe na fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) wa shingo na usawa wa mwili. Dalili zikidumu zaidi ya wiki 4, apelekwe kwa daktari anayeshughulikia majeraha haya.

MwalimuWaMichezo
Asanteni sana. Nitajuaje hafichi dalili? Anaitaka mechi hiyo kwa moyo wote.

DaktariZamuYaUsiku
Usimwulize "uko sawa?" Atajibu ndiyo. Fomu ya SCAT6, ya kupima mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo, ina dalili 22, kila moja inapewa 0 hadi 6. Ajaze asubuhi na baada ya kila zoezi, ukilinganisha utaona. Mtembeze kisigino kikigusa kidole kwenye mstari wa mita 3, kwenda na kurudi, halafu mwenzake mwenye afya afanye hivyo hivyo ili uwalinganishe. Mwulize pia anayelala karibu naye.

Kwa mechi zijazo, mpe msaidizi wako maswali haya ayabebe mfukoni: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi gani, nani alifunga mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Akikosa hata moja anatoka na harudi siku hiyo. Akiyapata yote lakini anayumba, anatoka vilevile. Mwenye neno la mwisho pembeni ya uwanja achaguliwe kabla ya mechi, na asiwe kocha.