Mimi ni mkurugenzi wa kusoma namba sita kwa simu. NIMECHOKA!

Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, nashona sare za shule karibu na soko la Kibuye. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo makosa ya kuandika mnivumilie.

Wiki iliyopita nilienda benki kuomba mkopo wa mashine ya ovaloki. Si mkopo wa gorofa, wa mashine. Kijana akaingiza namba ya kitambulisho changu, akanyamaza. Akamwita mwenzake, wakanyamaza wawili. Halafu: "Madam, kuna mkopo wa kampuni haujalipwa, na mdhamini ni wewe. Jina liko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo."

Kampuni gani? Ikanichukua dakika nzima kukumbuka. Kampuni ya shemeji.

Alikuja Jumapili moja baada ya chakula, sahani za samaki hazijatolewa mezani, akatoa fomu kwenye bahasha. "Shem, ni mambo ya karatasi tu." Mume wangu akasema saini, ni mdogo wangu huyu. Nikasaini huku mikono inanuka ngege.

Kwa wasiojua: sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ndiyo ule mpango wa AGPO. Ili kampuni iingie humo kwa jina la wanawake, angalau asilimia 70 iwe mikononi mwao, na uongozi wote uwe wao. Nia nzuri kabisa, sipingi. Basi shemeji akapiga hesabu yake: mimi hisa 70, yeye 30, na mkurugenzi ni mimi peke yangu, maana kampuni binafsi mkurugenzi mmoja anatosha. Ukichukua CR12 ya hiyo kampuni, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, jina la mkurugenzi ni langu tu.

Sasa sikieni kazi ya mkurugenzi. Nampima mtoto kiuno, simu inalia. "Shem, kuna namba sita imeingia kwako, nisomee." Nasoma. Anakata. Hiyo ndiyo mikutano ya bodi. Ni zile namba za siri za kuthibitisha, mara ya benki, mara ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), sikuwa nauliza ya nini. Kitabu cha hundi nilisaini kurasa zote siku moja, kikaondoka naye. Krismasi naletewa shilingi 2,000 na leso. (Leso yenyewe ilichuja rangi ilipofuliwa mara ya kwanza, lakini hayo tuyaache.)

Tenda aliipata, ya kupeleka madawati. Akatumia ile LPO, hati ya kuagiza madawati, kuchukulia mkopo benki kwa jina la kampuni. Madawati sijui yalifika au hayakufika, nilichoona mimi ni kwamba alibadilisha gari.

Nikaenda kwa wakili. Nilidhani ataniambia nimetapeliwa, twende polisi. Wapi! Akaniambia polepole, kama anayemweleza mgonjwa majibu ya damu: deni la kampuni ni la kampuni, si lako, hapo sheria inakulinda. Lakini kati ya karatasi ulizosaini kuna ya dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni isipolipa utalipa wewe, na kwa hiyo karatasi umeubomoa ukuta huo mwenyewe. Halafu Sheria ya Kampuni ya 2015 haina mkurugenzi wa karatasi. Ukishakuwa mkurugenzi, unatakiwa uwe na uangalifu na bidii ya mkurugenzi, uwe ulikuwa ofisini au ulikuwa unakata vitambaa.

Nikamuuliza, na yeye aliyekuwa akiniamuru? Kumbe ana jina. Mkurugenzi wa kivuli: mtu ambaye wakurugenzi wamezoea kufuata maagizo yake. Nikafurahi. Wakili akasema vizuri, lete ushahidi. Wadau, shemeji hajawahi kuniandikia hata ujumbe mmoja. Hupiga simu. Miaka yote nikidhani ni mvivu wa kuandika!

Basi nikasema kampuni ifungwe, mimi si ndiye mwenye 70? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kuifunga kwa hiari kunahitaji azimio maalum, yaani kura asilimia 75. Yaani 70 yangu ilitosha kumpatia tenda, haitoshi kunitoa mimi bila ruhusa yake. Sijui kama alijua au ilimwangukia tu kama embe.

Na kinachoniuma kuliko deni ni hiki. Mwezi uliopita tuliitwa kongamano la wanawake katika uongozi, hotelini, tukapewa kalamu na fulana. Tukaambiwa habari za kifungu cha 27 cha Katiba, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Tukakumbushwa Septemba 2020, Jaji Mkuu Maraga alivyomshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Tukapiga makofi, mimi nikapiga sana. Halafu msemaji akafurahia jinsi kampuni za wanawake zinavyoongezeka. Dada, moja ya hizo ni yangu! Mmenihesabu! Nani kati yenu aliuliza kitabu cha hundi kiko kwa nani? Nani alitufundisha dhamana binafsi ni nini kabla ya kutugawia fulana? Huku kwetu najua wenzangu wawili wenye karatasi kama zangu, mmoja ya kaka yake, mwingine ya bosi wake.

Msiniambie nilikuwa mjinga, hilo nimeshajiambia kuliko ninyi nyote.

Wakili ameniachia kitu kimoja: kama mkurugenzi, naweza kuandikia benki leo, hundi zile zisimamishwe na namba zisitumike bila mimi. Barua iko tayari. Lakini mama mkwe amesikia, na ameitisha kikao nyumbani Siaya Jumapili, "tuyamalize kama familia." Mume wangu anasema nisubiri kikao.

Naomba waliopitia haya waniambie: barua niipeleke Ijumaa, au Jumatatu?