Msaada: Apache kwenye Ubuntu inanipa 403, mradi wa Laravel haufunguki

kijana_wa_uyole
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaoifahamu Linux.

Natengeneza mfumo wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu: hisa za kila wiki, mikopo, marejesho na faini. Sasa hivi kila kitu kinaandikwa kwenye daftari, na siku ya kuvunja kikoba ugomvi hauishi, huyu anasema nililipa, katibu anasema mbona sioni. Kodi za programu (code) nilianza kuziandika kwa Laravel, yaani kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya PHP, kwenye Windows kwa XAMPP (kifurushi chenye Apache, hifadhidata na PHP pamoja), na zilikuwa zinafanya kazi. Nimehamia Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, ili mazingira yafanane na seva tutakayokodi baadaye, ambayo ni ya Linux.

Nimesakinisha Apache (programu inayotoa kurasa za wavuti), MariaDB (hifadhidata) na PHP 8.1 kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu. Nikiandika localhost, ukurasa wa kwanza wa Apache unakuja vizuri. Mradi uko /home/uyole/miradi/kikoba, na kwenye faili la usanidi nimeelekeza DocumentRoot (mahali Apache inapochukua kurasa) kwenye folda ya public. Nikifungua napata 403 Forbidden, yaani nimekatazwa kuingia. Ruhusa za public nimeziangalia, ni 755, yaani kila mtu anaruhusiwa kusoma na kupita. Tatizo liko wapi?

Naomba msinielekeze kupakua vitu vikubwa, natumia bando la simu.

mdau_wa_kodi
Mkuu, hizo ni ruhusa tu. Piga chmod -R 777 folda yote ya mradi, washa upya Apache. Ikigoma rudi XAMPP, hata ya Linux ipo.

BintiTerminali
Kaka, hiyo 777 usiipige. Ndani ya mradi kuna faili la .env lenye nywila ya hifadhidata, na 777 inampa kila mtumiaji wa mashine ruhusa ya kulisoma na kuliandika. Mazoea ya kwenye mashine yako ndiyo utakayoyapeleka kwenye seva, na huko ni hela za watu.

Halafu 403 ina sababu nyingi. Apache yenyewe inaandika sababu, ila haiionyeshi kwenye kivinjari. Fungua ukurasa, kisha piga hii utuwekee hapa mstari wa mwisho:

`sudo tail -n 20 /var/log/apache2/error.log`

kijana_wa_uyole
Asante dada. Mstari ni huu:

`AH00035: access to / denied (filesystem path '/home/uyole/miradi') because search permissions are missing on a component of the path`

BintiTerminali
Basi jibu umeshalipata. Apache kwenye Ubuntu inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa www-data. Ili afike public lazima apite home, kisha uyole, kisha miradi, kisha kikoba. Ufunguo wa chumba anao, lakini geti la nje limefungwa. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji inaundwa na ruhusa 750, yaani mtu mwingine yeyote hapiti kabisa. Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya zamani, enzi ilikuwa 755, ndiyo maana watu wanafuata hatua zote na bado wanagonga ukuta.

Hakikisha kwa macho yako:

`namei -l /home/uyole/miradi/kikoba/public`

Itakuorodheshea kila folda ya njiani na ruhusa zake. Utaona drwxr-x--- kwenye uyole. Mruhusu www-data peke yake apite, bila kumwonyesha kilichomo:

`sudo setfacl -m u:www-data:x /home/uyole`

Hata XAMPP ya Linux isingekusaidia hapa, Apache yake inaendeshwa na mtumiaji daemon, naye angezuiwa vilevile. Na -R 777 kwenye mradi isingegusa folda ya nyumbani, kwa hiyo ungefungua siri zako zote na 403 ingebaki.

mdau_wa_kodi
Hiyo ya 21.04 sikuwa nayo. Nimeinakili.

kijana_wa_uyole
Nimepiga, bado 403, lakini logi (kumbukumbu ya makosa) imebadilika. Sasa inasema AH01630: client denied by server configuration.

mzee_wa_seva
Logi imebadilika, maana yake umesogea. Hiyo ya pili haihusiani na ruhusa za mafaili, inatoka kwenye usanidi wa Apache wenyewe. Kwa kawaida apache2.conf inafunga diski nzima na kufungua /var/www na /usr/share tu. Mradi ukiwa kwingine lazima uutaje. Kwenye faili lako ndani ya sites-available ongeza:

```
<Directory /home/uyole/miradi/kikoba/public>
    AllowOverride All
    Require all granted
</Directory>
```

Kisha `sudo a2enmod rewrite`, halafu `sudo apache2ctl configtest`. Ikikujibu Syntax OK ndipo upige `sudo systemctl restart apache2`. Hiyo AllowOverride pamoja na rewrite usiziache. Bila hizo ukurasa wa mwanzo utafunguka ila /login na kurasa nyingine zote zitakupa 404 (ukurasa haupatikani), kwa sababu Laravel inategemea faili la .htaccess kupeleka kila ombi kwa index.php.

Ukifika hapo tegemea 500 (kosa la ndani ya seva). Laravel inahitaji kuandika kwenye folda mbili tu:

```
sudo chgrp -R www-data storage bootstrap/cache
sudo chmod -R g+rwX storage bootstrap/cache
```

msomaji_kimya
Mimi naona mnamzungusha. Kwa kuandika kodi tu, `php artisan serve` inatosha. Inafunguka kwenye poti 8000, inaendeshwa na mtumiaji wako mwenyewe, matatizo yote haya ya www-data hayapo.

mzee_wa_seva
Ni kweli, na kwa kazi za kila siku hata mimi naitumia. Ila amesema anataka mazingira yanayofanana na seva. Afadhali akutane na 403 nyumbani kuliko siku ya kukabidhi, akina mama wamekaa wanasubiri.

kijana_wa_uyole
Wakuu, ukurasa wa mwanzo umefunguka na /login imekuja! Sasa nikijaribu kuingia:

`SQLSTATE[HY000] [1698] Access denied for user 'root'@'localhost'`

Kwenye XAMPP nilikuwa naandika root bila nywila na inakubali.

BintiTerminali
Kwenye Ubuntu, root wa MariaDB anatambuliwa kwa unix_socket: ukiwa root wa mashine unaingia, vinginevyo huingii hata ukiweka nywila. Usihangaike kuibadilisha. Ingia kwa `sudo mysql` umtengenezee mradi mtumiaji wake:

```
CREATE DATABASE kikoba;
CREATE USER 'kikoba'@'localhost' IDENTIFIED BY 'weka_nywila_yako';
GRANT ALL PRIVILEGES ON kikoba.* TO 'kikoba'@'localhost';
```

Weka majina hayo kwenye .env, kisha `php artisan config:clear`, halafu `php artisan migrate` iunde majedwali. Kosa likisema could not find driver, sakinisha php-mysql. Ni pakeji ndogo, bando halitaumia.

Na kuhusu bando: Composer, ile inayopakua maktaba za PHP, inatunza ilivyopakua kwenye ~/.cache/composer. Usiifute hiyo folda, mradi wa pili ukitaka toleo lilelile hautalipakua tena.

kijana_wa_uyole
Nimeingia, hisa zinasomeka. Limebaki moja: nikibofya orodha ya wanachama naambiwa Class "App\Models\Mwanachama" not found. Faili lipo, na kwenye Windows lilikuwa linafunguka.

mzee_wa_seva
Faili linaitwaje hasa? Piga `ls app/Models`.

kijana_wa_uyole
mwanachama.php

mzee_wa_seva
Ndilo hilo. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inatofautisha. Composer inatafuta Mwanachama.php haioni. Kama unatumia Git (inayotunza historia ya kodi), badilisha kwa `git mv app/Models/mwanachama.php app/Models/Mwanachama.php` ili badiliko liingie kwenye historia, kisha `composer dump-autoload`. Pitia na mengine yote, hasa picha na mafaili ya blade (violezo vya kurasa vya Laravel), maana yaliyoandikwa kwa mtindo huo yatajitokeza moja moja kila utakapofungua ukurasa mpya.

kijana_wa_uyole
Yako mengine matatu, mkopo.php, rejesho.php na faini.php. Nayabadilisha sasa hivi.